Nyutro pekee haizuii vali kuimba

Watu wengi wanadhani ampilifaya ya redio yenye vali (ile taa ya elektroniki ya kioo) ikishafanyiwa nyutro, yaani kufuta mawimbi yanayovuja ndani ya vali kurudi nyuma, basi haiwezi tena kujitetemesha yenyewe, ndio kuimba huko. Sio kweli jamani. Nyutro inatuliza masafa unayofanyia kazi, tuseme MHz 7, lakini mtetemo wa pembeni, yaani ule usiotakiwa kwenye masafa mengine, mara nyingi unatokea huko juu karibu MHz 100 au zaidi, kwa sababu kile kipande cha waya kati ya anodi (mguu wa vali unaotoa nguvu) na kapasita ya kutyuni nacho ni koili, na pamoja na kapasitansi ya ndani ya vali vinatengeneza sakiti ambayo hukuichora popote.

Dawa yake ni koili ndogo ya mizunguko michache iliyofungwa sambamba na rezista, hapo hapo kwenye anodi. Koili ya 0.1 µH ina kama omu 4 tu kwenye MHz 7, kwahiyo mkondo unapita humo bila shida, ila kwenye MHz 120 inafika omu 75 hivi na sasa rezista ndio inabeba mzigo na kuua mtetemo. Rezista ya waya wa kuzungusha usiweke, hiyo yenyewe ni koili! Na waya za gridi (mguu wa vali unaodhibiti mkondo) ziwe fupi.