Binti kavunjika mkono, mama kavunjika nyonga: kwa nini?

Masika iliyopita, mtaani kwetu Ujiji, ua mmoja uliangusha watu wawili. Wa kwanza alikuwa mama wa miaka 50 na kitu, aliyetoka jikoni na beseni la maji aliyooshea dagaa. Akateleza, akatanguliza mkono, kiganja kikafika chini kabla yake. Mfupa wa kifundo cha mkono ukaenda. Akafungwa hogo, na kwa wiki sita akasonga ugali kwa mkono mmoja huku analalamika.

Wa pili alikuwa mama yake mzazi, bibi wa miaka 80 na ushei. Yeye hakubeba chochote wala hakuwa na haraka. Alikuwa amesimama, mjukuu akamwita, akageuka kuitika, mguu ukakataa kufuata mwili. Akabwagika kwa ubavu. Waliokuwepo wanasema hata kishindo hakikuwa cha maana. Embe likidondoka huwa na kelele zaidi. Lakini hakuinuka.

Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema ni uzee tu. Mwingine akasema mfupa ulikatika bibi akiwa wima, ndiyo maana akaanguka. Hili la pili hutokea, ila ni nadra: katika mivunjiko ya nyonga ya wazee, karibu 9 kati ya 10 kuanguka kunatangulia, mfupa unafuata. Na la kwanza halijibu kitu. Uzee umeenea mwili mzima, mkononi na mguuni. Kwa nini basi uichague nyonga?

Tuanze na namna ya kuanguka. Mtu wa miaka 50 hutembea kwa kasi. Akiteleza, kasi ile ile inamtupa mbele, na mikono yake bado ina wepesi wa kuwahi chini. Mkono unaumia, nyonga inapona. Mzee huanguka akiwa amesimama, au anageuka, au anainuka kwenye kigoda, au anakokota hatua mbili za kwenda chooni. Hana mwendo wa kumrusha mbele, kwa hiyo anashuka pale pale, kwa ubavu, na mikono inapata habari wakati shughuli imeshakwisha. Kinachopiga ardhi ni ile nundu ya mfupa unayoigusa ukijipapasa ubavuni, pale juu ya paja. Ujanani nundu hiyo imezungukwa na misuli na mafuta. Uzeeni godoro hilo limeshapungua. (Wazee wanene huponea hapo mara nyingine. Msiitumie kama kisingizio.) Ndiyo maana katika nchi nyingi zinazoweka hesabu, kifundo cha mkono huanza kuvunjika sana kwa wanawake wa miaka 50 na 60, ilhali nyonga hungoja hadi 70, na ikivuka 80 inapanda mbio.

Kisha kuna umbo la mfupa wenyewe. Mfupa wa paja haupandi wima hadi kiunoni. Ukifika juu hupinda kuingia ndani, kama tawi la mwembe linavyotoka kwenye shina, na mwisho wa tawi hilo kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Tawi hilo huitwa shingo ya mfupa wa paja, na kila hatua unayopiga uzito wa mwili unalining'inia. Katika miaka ya 1860 huko Zürich, mhandisi Karl Culmann alioneshwa michoro ya ndani ya mfupa huu na mtaalamu wa mwili, Hermann von Meyer. Inasimuliwa kwamba aliduwaa: nyuzi za mfupa zilikuwa zimejipanga kama vyuma vya winchi aliyokuwa akiipigia hesabu. Anayetaka kuuelewa mfupa wa paja na aende bandarini Kigoma, atazame mkono wa winchi ukiwa umebeba mzigo. Chuma hakijajazwa kila mahali. Kimewekwa pale tu ambapo mzigo unavuta au unakandamiza, na kwingine ni uwazi.

Mfupa nao uko hivyo hivyo. Nje una ganda gumu, ndani una sifongo ya nyuzi. Na si kitu kilichokwisha kujengwa kikaachwa. Kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, usiku na mchana, kiasi kwamba mifupa yako ya leo kwa sehemu kubwa si ile uliyokuwa nayo miaka 10 iliyopita. Hadi kwenye miaka 25 au 30 hivi wajenzi wanashinda. Baada ya hapo wabomoaji huanza kuwatangulia pole pole, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi mbio hizo huongezeka ghafla kwa miaka kadhaa, maana homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji imepungua. Nyuzi zinakonda, nyingine zinakatika na hazirudi. Kwa nje mfupa unaonekana ule ule. Aliyewahi kugonga boriti iliyoliwa na mchwa anajua ninachosema: rangi ipo, umbo lipo, mlio ndio umebadilika. Hali hiyo madaktari huiita osteoporosisi, nayo haiumi. Wengi huijua siku wanapoanguka. Ndiyo sababu pia karibu robo tatu ya wanaovunjika nyonga duniani ni wanawake.

Mkono ukivunjika, hogo linatosha. Nyonga haifungiki hogo vizuri, na ina balaa jingine: mishipa inayolisha kile kichwa cha mfupa hupanda kwa kuambaa shingoni. Shingo ikikatika, mishipa nayo hukatika au kubanwa, na kichwa kinaweza kufa hata kama vipande vimegusana. Kwa hiyo mvunjiko wa shingoni kwa mzee mara nyingi humfanya daktari aondoe kichwa kabisa na kuweka cha chuma. Ukiwa chini kidogo ya shingo, damu bado inafika, na vyuma vya kushikilia huweza kutosha. Picha ya eksirei ndiyo inayoamua, wala si mikono ya anayechua.

Nasema hivyo kwa sababu bibi yetu alichuliwa siku nyingi kabla ya kupigwa picha. Walidhani nyonga imeteguka. Mguu wake ulikuwa umefupika kuliko mwenzake na unyayo umeangalia nje, na hizo mbili kwa mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama ni dalili za kutosha kabisa. Siku zile alizokaa kitandani ndizo za hatari kuliko mvunjiko wenyewe. Mzee anayelala chali bila kugeuka hupata vidonda mgongoni na matakoni, kifua hujaa, damu huganda miguuni, hamu ya chakula hukimbia. Hata katika nchi tajiri, kati ya wazee 5 waliovunjika nyonga, mmoja au zaidi huwa hayupo mwaka ukiisha. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza inataka mgonjwa afanyiwe upasuaji siku ile ile anayolazwa au kesho yake, kisha atolewe kitandani na kusimamishwa siku inayofuata. Kwetu, ukitaja nyonga bandia, watu huwaza hospitali ya Bugando kule Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Pale upasuaji usipowezekana, mguu huvutwa kwa uzito na mzee hulala wiki nyingi. Huponya baadhi. Wengine ndiyo safari yao.

Sasa njoo kwenye jambo linaloonekana kama kitendawili. Katika nchi nyingi tajiri, uwezekano wa mzee mmoja kuvunjika nyonga umekuwa ukipungua. Huko Framingham, Massachusetts, mji wa Marekani ambao wakazi wake wanafuatiliwa afya tangu 1948, kiwango kilishuka kwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka kati ya 1970 na 2010. Watafiti walipotafuta sababu, waliona kwamba katika kipindi hicho wavutaji sigara walipungua kutoka asilimia 38 hadi 15, na walevi wa kupindukia nao wakapungua. Hong Kong ilipita njia nyingine: kiwango kilipanda sana tangu miaka ya 1960, watu walipohamia kwenye maghorofa na kazi za kukaa, kisha kikatulia. Utafiti uliotoka 2023, uliokusanya zaidi ya mivunjiko milioni 4 katika nchi na maeneo 19, ulikuta kiwango kimeshuka katika 11 kati ya hayo. Lakini utafiti huo huo ulitabiri kwamba idadi ya waliovunjika itakaribia mara mbili ifikapo 2050.

Kiwango kinashuka, idadi inapanda. Inawezekanaje? Chukua mfano wa kubuni. Zamani kijiji kina wazee 1,000, na kila mwaka 5 wanavunjika nyonga. Leo mambo yamekuwa bora, wanavunjika 4 katika kila 1,000, ila wazee wenyewe sasa ni 3,000. Wodini wamelala 12. Muuguzi atakayesema tatizo linaongezeka hajakosea, na mtafiti anayesema linapungua hajakosea pia.

Na Afrika? Hapa pana utamu. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha matokeo ya Johannesburg yaliyoonesha kwamba Waafrika weusi walivunjika nyonga kwa nadra mno ukiwalinganisha na Wazungu. Miaka ya 1990 watafiti wakaenda vijijini Gambia, wakapima mifupa ya akina mama wazee. Walitegemea kukuta mifupa mizito kama mpingo. Wakakuta haikuwa mizito kuliko ya Waingereza, chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo sana, na bado mivunjiko ilikuwa michache. Maana yake uzito wa mfupa si hadithi nzima. Wengine wanataja shingo ya mfupa kuwa fupi zaidi, na tawi fupi halikatiki kirahisi. Wengine wanataja maisha: bibi anayechuchumaa, anayeinama shambani, anayebeba ndoo kichwani hadi uzeeni ana misuli na mizani ya mwili ambayo mwenzake wa kwenye sofa hana. Hata kuketi mkekani kuna faida yake, kwani kutoka mkekani huna mbali pa kuangukia.

Mimi naongeza sababu moja ya uani. Asiyefika hospitali hahesabiwi. Bibi yetu angebaki kwa mchuaji, angeandikwa wapi?

Kuhusu chakula, Kigoma hatuna haki ya kulia sana. Dagaa wetu huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ni kalsiamu tupu. Hata wanaotoa vichwa huacha uti wa mgongo. Jua nalo lipo. Watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe, Watanzania wanaoishi nje juani, walikuta vitamini D ya kuridhisha kabisa. Tatizo ni mzee aliyefungiwa chumbani kwa kuhurumiwa, jua analisikia redioni. Na ndugu zetu wa Tabora, kule Urambo na Sikonge ambako tumbaku inajenga nyumba na kusomesha watoto, wajue kwamba anayeivuta anaipa mifupa yake hasara: huwahi kukoma hedhi akiwa mwanamke, na seli zake zinazojenga mfupa hudhoofika.

Kinachobadilika kwetu ni umri. Mwaka 1960 mtoto aliyezaliwa nchini alitegemewa kuishi takriban miaka 44. Sasa ni zaidi ya 65. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni watoto waliookoka surua na malaria. Watoto hao wanazeeka. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Hata kama wazee ni sehemu ndogo ya hao, ni watu wengi kuliko walivyowahi kuwa, na wengi wao watafika umri ambao mikono haiwahi tena kutangulia.

Dawa za kuimarisha mifupa zipo, lakini kabla ya dawa kuna kutoanguka. Mazoezi ya mizani, kama kusimama mguu mmoja huku umeshika ukuta, au kuinuka kitini mara kadhaa bila kutumia mikono, hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Mtoto wa jicho akitolewa, mzee huona kizingiti. Dawa za presha na za usingizi zinazomfanya aone kizunguzungu akisimama ziulizwe kwa daktari, zisiachwe kienyeji. Ndala zilizolika kisigino zitupwe, hata kama mwenyewe anazipenda.

Bibi yetu alipelekwa, akawekewa chuma, akarudi na gongo la alumini analoliita mkwe. Bintiye, yule wa hogo, amemwaga kokoto kwenye njia ya chooni. Mjukuu anafanya kazi kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa; ameleta moja ya taa za sola wanazowashia dagaa ziwani, kaifunga juu ya mlango wa choo. Ua mzima unang'aa. Majirani wanalalamika hawalali.