Hujala Tangu Jana, Sukari Imetoka Wapi?

Malalamiko kwenye dirisha la maabara yetu yameongezeka, na mengi ni haya: "Sijala tangu jana usiku, sukari inasomaje 8.2? Mashine yenu mbovu." Mashine hukaguliwa kila asubuhi kwa sampuli za udhibiti kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa. Sukari hiyo imetoka kwenye ini lako.

Ukifunga, ubongo bado unadai sukari. Kongosho humwaga homoni iitwayo glukagoni, ini likaanza kutoa akiba. Akiba ikipungua, protini iitwayo FOXO1 hukaa ndani ya kiini cha seli ya ini, hushika DNA na kuwasha jeni za vimeng'enya vinavyotengeneza sukari mpya, hata kutokana na amino asidi za misuli. Ukila, insulini hupanda. Ishara yake huibandika FOXO1 fosfeti, ikatolewa nje ya kiini, jeni zikanyamaza. Kwa mwenye kisukari aina ya 2, ini haliisikii insulini sawasawa. Jeni hizo hubaki zimewaka usiku kucha, na wewe umelala. Dawa ya metformini hupunguza utengenezaji huo, ndiyo maana hunywewa hata siku ambayo hukugusa kitu kitamu.

Wapo wanaojinyima siku mbili tatu ili "wafaulu" kipimo. Tafadhalini, acheni. Kipimo cha kunywa glukosi kinataka uwe umekula kawaida siku tatu, wanga usiopungua gramu 150 kwa siku. Mwili ulionyimwa umeshahamia kwenye kuchoma mafuta. Ukiupa glukosi ghafla unachelewa kuipokea, na majibu hupanda kuliko hali yako halisi.

Funga kwa muda wa saa 8 hadi 14. Maji yanaruhusiwa, chai ya rangi isiyo na sukari si maji. Damu ya mshipa huwekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye floraidi, chembe za damu zisiendelee kula sukari. Utakunywa gramu 75 za glukosi ndani ya dakika 5, kisha utakaa kitini saa mbili, bila sigara wala matembezi. Ukitoka, hata zikiwa zimebaki dakika 10, kipimo kinafutwa na utapangiwa siku nyingine. Milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ukiwa umefunga, au 11.1 na kuendelea baada ya saa mbili, ni kisukari. Kama huna dalili, tutarudia siku nyingine kabla ya kukuandikia.