Tuskegee: yanayosemwa na yaliyotokea

Mjadala wa chanjo au dawa mpya unapopamba moto, jina la Tuskegee, utafiti wa kaswende ambao serikali ya Marekani iliwafanyia wanaume Weusi, halikosi kutajwa, na mara nyingi hutajwa pamoja na maelezo yasiyo sahihi. Ajabu ni kwamba makosa hayo, ijapokuwa husemwa kwa nia ya kuilaumu serikali ya Marekani, huishia kuipunguzia lawama.

Dhana: Wanaume wa Tuskegee walidungwa vijidudu vya kaswende.

Ukweli: Hawakudungwa. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwaandikisha wanaume Weusi 600 katika Wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa tayari na kaswende, na 201 hawakuwa nayo, hivyo wakatumiwa kwa ajili ya kulinganisha. Waliambiwa kwamba wanatibiwa “damu mbaya”, wakapewa usafiri, chakula siku ya uchunguzi na ahadi ya kugharimiwa mazishi, ilhali madaktari walikusudia kuutazama ugonjwa ukiendelea mpaka mgonjwa afe na maiti yake ipasuliwe. Hata kuchomwa sindano ya mgongoni, ambayo ilikuwa ya kutoa majimaji ya uti wa mgongo kwa uchunguzi tu, walielezwa kuwa ni tiba maalumu ya bure. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadhi yao walipotakiwa jeshini, idara ilihakikisha kwamba majina yao yanaondolewa katika orodha ya watakaotibiwa. Na penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende, mwishoni mwa miaka ya 1940, wao hawakupewa.

Waliodungwa ni watu wengine, huko Guatemala, kati ya 1946 na 1948: wafungwa, askari na wagonjwa wa akili waliambukizwa kwa makusudi na watafiti wa idara hiyohiyo. Daktari John Cutler alishiriki katika tafiti zote mbili, na huenda ndiyo sababu visa hivi viwili huchanganywa.

Dhana: Ilikuwa siri ya madaktari wachache.

Ukweli: Matokeo yalichapishwa katika majarida ya kitabibu tangu 1936, na yeyote aliyeyasoma aliweza kuona kwamba wagonjwa hawatibiwi. Mwaka 1966 Peter Buxtun, mtumishi wa idara huko San Francisco, alipeleka malalamiko kwa wakubwa wake. Mwaka 1969 jopo la wataalamu lilikutana, likatafakari, na kuamua utafiti uendelee. Kwa maoni yangu, kikao hicho ndicho kinachotisha kuliko sindano yoyote ya kubuni, kwa sababu hakikuwa na mhalifu aliyejificha, bali watumishi wa umma waliokuwa na faili mbele yao. Utafiti ulisimama mwaka 1972, baada ya mwandishi Jean Heller wa shirika la habari la Associated Press kuufichua hadharani.

Dhana: Rais Clinton aliomba radhi, kisha waathiriwa wakalipwa.

Ukweli: Malipo yalitangulia kwa zaidi ya miaka 20, na hayakutokana na hisani ya mtu. Wakili Fred Gray, aliyewahi kumtetea mwanaharakati wa haki za Weusi Rosa Parks, aliishtaki serikali, na mwaka 1974 ikakubali nje ya mahakama kulipa dola milioni 10. Mgonjwa aliyekuwa hai alipata dola 37,500, na warithi wa mgonjwa aliyefariki dola 15,000. Matibabu ya maisha yaliongezwa, baadaye yakawafikia pia wake na watoto walioambukizwa. Radhi ilitolewa Ikulu tarehe 16 Mei 1997, wakati wazee 8 tu walikuwa wamebaki hai, na 5 kati yao walihudhuria. Hakuna daktari aliyefikishwa mahakamani kwa jinai.

Dhana: Serikali ikishaomba radhi rasmi, imekubali kuwajibika kisheria.

Ukweli: Oktoba 2010 Rais Obama alimpigia simu Rais Álvaro Colom wa Guatemala na kumwomba radhi kwa yale ya miaka ya 1940. Waathiriwa na jamaa zao walipofungua kesi huko Washington, serikali iliyokuwa imeomba radhi ilijitetea kwa kinga yake dhidi ya madai ya madhara yaliyotokea nchi za nje, na mwaka 2012 jaji akaitupilia mbali kesi hiyo.