Sambusa za pati ya bichi: zisiwaumize watu matumbo kaskazi hii

Kaskazi imeingia, jua la Mombasa mchana lapanda hadi 32 hivi, na kila wikendi kuna mtu anaita watu ufuoni, Pirates au Mama Ngina, kila mmoja aje na kitu cha kula kwa mkono. Hapa chini ndiyo maswali ninayoulizwa sana.

Nipike kitu gani rahisi na kisichoharibika upesi?

Bajia, kachri, sambusa ambazo nyama yake imekaushwa maji kabisa kabla ya kufungwa kwa manda. Sandwichi za kuku na mayonezi mimi sibebi bichi, labda uwe na kulaboksi na barafu ya kutosha. Na ile chatne ya nazi, wallahi ni tamu lakini nazi mbichi ikikaa joto yachacha chapchap, kwa hivyo beba ya ukwaju, ule ukali wake wenyewe vijidudu haviupendi.

Nikikaanga sambusa alfajiri, zitafika saa kumi jioni zikiwa salama?

La. Shirika la Afya Duniani lasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likipita 32 wataalamu wa Marekani wasema saa 1 tu, sasa wewe hesabu kutoka alfajiri hadi saa kumi, tena ndani ya buti ya gari iliyoegeshwa juani! Vijidudu vyapenda joto la kati, kuanzia nyuzi 5 hadi 60, hapo ndipo vinazaana. Fanya hivi: pika nyama usiku, itandaze kwa sinia ipoe upesi (usiiache ndani ya sufuria nzito, katikati itabaki vuguvugu masaa), ifunge kwa manda, weka friji, halafu kaanga ukiwa karibu kutoka. Hata ukizigandisha kwa friza wiki nzima sawa tu.

Lakini si nitazipasha moto tena?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kuna kijidudu kinaitwa stafilokoka, kinakaa puani na kwa ngozi, hasa kwa kidonda, na kikizaana kwa chakula kinaacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiui, na harufu haibadiliki, ladha haibadiliki, wewe wala tu, baada ya masaa machache unatapika. Kwa hivyo ukiwa na jeraha kidoleni lifunge vizuri na uvae glavu, au mpe shoga yako afunge sambusa wewe ukae kwa karai.

Hotpoti yatosha?

Yatosha ukiisuuza kwanza na maji ya moto, na uweke chakula kikiwa bado kinachoma. Tatizo ni mvuke, sambusa zinalainika zinakuwa kama chapati, basi tandika tishu chini na juu. Mimi bora ilainike kuliko ipoe, lakini najua kuna watu hawatanisamehe kwa hili.

Mafuta ya juzi nikaangie tena?

Kama bado ni mepesi na uliyachuja, sawa. Yakishakuwa meusi, yanatoa povu au moshi kabla hata hujatia kitu, mwaga.

Mama mkwe ana sukari na kuna watoto wadogo, je?

Mama mpelekee mishkaki na kachumbari, viazi na mahamri aonje kidogo tu. Kuku wa mishkaki aive hadi ndani, asiwe na rangi ya waridi. Watoto chini ya miaka 5 wasipewe njugu nzima nzima, zinawakaba.

Na mtu akishaanza kuharisha?

Maji ndiyo yanayompotea, basi mrudishie. Nunua ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) duka la dawa, pakiti changanya kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa, kwa kawaida lita 1, anywe kidogo kidogo, akitapika mngoje dakika 10 kisha mwanze tena taratibu. Usikimbilie vidonge vya kufunga tumbo, hasa kwa mtoto. Ukiona damu kwenye choo, au mtoto amelegea, macho yameingia ndani na hataki kunywa, mpeleke hospitali usiku huohuo.