Tathmini ya kisayansi kuhusu tabianchi: maana yake na namna ya kuisoma

Tathmini ya kisayansi ni kazi ya kukusanya tafiti zilizokwisha kuchapishwa kuhusu jambo fulani, kuzipima uzito, kisha kueleza zinathibitisha nini, kwa kiasi gani, na wapi bado zinapingana. Ni tofauti na utafiti mmoja, ambao hata ukifanywa kwa uangalifu mkubwa unaweza kurekebishwa na ule utakaofuata. Ndiyo maana mtu asiye mwanasayansi hapaswi kuanza na habari ya "utafiti mpya wabaini" iliyosambazwa kwenye WhatsApp.

Tathmini inayojulikana zaidi kuhusu mabadiliko ya tabianchi ni ya IPCC, yaani Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Jopo lenyewe halifanyi utafiti. Ripoti yake ya Agosti 2021 iliandikwa na wataalamu 234 waliopitia machapisho zaidi ya 14,000, na muhtasari wake ukapitishwa na wajumbe wa serikali mstari kwa mstari.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita, nami naliona ndilo lenye thamani kuliko yote, ni kwamba maneno ya uwezekano yanayotumika humo yana vipimo maalumu. Wakiandika kwamba jambo "lina uwezekano", wanakusudia asilimia 66 au zaidi. Wakiandika "uwezekano mkubwa sana", ni asilimia 90 au zaidi. Kwa hiyo ripoti hiyohiyo inasema bila shaka yoyote kwamba binadamu ameongeza joto la anga, bahari na nchi kavu. Kwamba kuna uwezekano mkubwa sana yeye ndiye sababu kuu ya kupungua kwa barafu za milimani duniani tangu miaka ya 1990. Na kwamba kuna uwezekano, bila hilo "mkubwa sana", amechangia kubadilisha mtawanyiko wa mvua. Gazeti likiyafuta maneno hayo, madai matatu yenye uzito tofauti huonekana sawa.

Makosa nayo hutokea. Ripoti ya mwaka 2007 ilidai kwamba barafu za Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035, dai lililochukuliwa kutoka chanzo ambacho hakikuwa kimehakikiwa na wanasayansi wenzao. Wataalamu wa barafu ndio walioligundua, na Januari 2010 jopo likakiri hadharani kosa hilo.