Usimwage maji yote ya tangi

Jumamosi asubuhi, simu tena. Nyumba ya wageni moja huku Shangani, tangi la maji chumvi la lita 200 mapokezini, limefanya mwani: ukijani kwenye kioo na nyuzi kwenye mawe. Nikamuuliza mwenye nyumba amefanya nini.

"Nimelisafisha lote, fundi. Nimemwaga maji, nimesugua mawe na mchanga kwa maji ya bomba, nimejaza mengine ya baharini. Linang'aa."

"Sasa kuna tatizo gani?"

"Samaki wanahema juu juu."

Hii ni mara ya nne mwaka huu, na maelezo ni yale yale. Sisi watu wa pwani tunaona bahari iko mlangoni, kwa hiyo maji yakibadilika rangi ni kumwaga na kuchota mengine. Tangi haliendi hivyo.

Nilipofika nilichota mililita 5 za yale maji yanayong'aa, nikadondosha matone ya kipimo cha amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kinachooza, nikasubiri dakika 5. Maji mazuri hubaki njano. Yale yakageuka kijani. Nikakisimamisha kichupa mbele ya karatasi nyeupe ili aone mwenyewe. Ukijani alioufuta kwenye kioo haukuwa unamuua samaki yeyote. Amonia iliyoonyeshwa na huu wa kichupa ndiyo inayoua, na ndani ya tangi kwa macho haionekani.

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, hawaogelei majini. Wamejishika kwenye mawe, mchanga na sponji ya chujio. Ukiwasugua kwa maji ya bomba yenye klorini umewamaliza, na kuwarudisha ni wiki 4 hadi 6. Samaki hawana wiki hizo. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, basi.

Mwani nao si ugonjwa, unakula tu. Wakulima wa mwani wa huku kwetu hufunga vipande kwenye kamba, na maji yanayopita ndiyo yanayoleta chakula, hakuna anayebeba mbolea. Kwenye tangi mbolea unaileta wewe kwa mkono: uduvi na vipande vya samaki, kila mgeni akipita anatupia kidogo. Kinacholiwa na kinachooza vyote vinaishia kuwa naitreti na fosfeti, hiyo ndiyo mbolea ya mwani. Mwanga wa dirishani ukiongezeka hapo, mwani umepata vyote.

Sasa hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Mtu anapima naitreti, anakuta sifuri, ananiambia, "Maji yangu hayana mbolea, mwani huu umetoka wapi?" Hiyo sifuri ni kwa sababu mwani umeshaila! Kipimo kinasoma kilichobaki majini, hakisomi kilichomo ndani ya nyuzi zinazojaa kiganja. Ndiyo maana nasema vuneni. Zizungushe nyuzi kidoleni, zing'oe, ziweke kwenye bakuli, zitoke nje ya tangi kabisa. Kila konzi unayoitupa imeondoka na naitreti na fosfeti yake. Ukikwangua kioo na kuyaacha makapi yaelee, yataoza, na chakula chote kitarudi majini. Samaki kama kangaja na tasi wanakula mwani kweli, lakini kinyesi chao kinabaki humo humo, na lita 200 ni chumba kidogo mno kwao. Weka konokono, na bado utavuna kwa mkono.

Utando mwekundu mzito, unaochomoka kama ngozi na kubeba viputo, si mwani. Ni bakteria wa aina nyingine. Unyonye kwa mpira wa maji, ongeza mzunguko wa maji.

Kosa jingine ni kujazia maji yaliyopungua kwa maji ya bahari. Aliyewahi kusimama kwenye mashamba ya chumvi anajua kwamba maji hupaa, chumvi hubaki. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 lina kilo 7. Likipoteza lita 3 kwa siku na wewe ukafidia kwa maji ya bahari, baada ya siku 10 umeongeza zaidi ya kilo moja, na kila lita imefika gramu 40. Kufidia ni kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyotolewa klorini. Maji ya bahari ni ya kubadilishia, na hayo yachote wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mifereji, na kamwe si baada ya mvua kubwa.

Vitabu vinatoa namba za naitreti na fosfeti kana kwamba ukizifikia mwani unakoma. Mimi namba hizo zimenidanganya mara nyingi. Nimetunza tangi lenye naitreti miligramu 30 kwa lita likiwa safi, na lenye 5 likiwa na manyoya kila jiwe. Nashuku mawe. Jiwe la matumbawe, kama yale yaliyojenga nyumba za zamani za Mikindani, hunyonya fosfeti kwa miezi na kuitoa polepole, hivyo unaweza kulisha kidogo leo na bado ukavuna makosa ya mwaka jana. Hapo dawa ninayoiamini ni muda na kubadilisha maji asilimia 10 hadi 15 kila wiki.

Pale Shangani nilileta sponji kuukuu yenye bakteria kutoka kwenye tangi langu, nikaipachika kwenye chujio lake, nikasimamisha chakula siku 2, tukabadilisha robo ya maji kila siku. Wawili walikufa, watano wapo. Jana kichupa kilibaki njano. Kwenye kona ya jiwe kubwa nyuzi zimeshaanza tena. Nimemwambia aziache zirefuke mpaka zishikike kidoleni.