AC inapooza hewa, haileti hewa

Kazi yangu ni kupima hewa sehemu za kazi, na kuna sentensi moja nimeshaisikia mara nyingi mno kwenye ofisi za hapa Dar, naingia tu na begi la vifaa bosi anasema "sisi hapa hewa haina shida, tumefunga AC mbili mpya kabisa". Anasema kwa moyo mweupe wala hadanganyi, anaamini hivyo, na wengi wetu tunaamini hivyo. Ndio maana nimekaa leo niandike.

Angalia AC ya kawaida ile ya ukutani, ina boksi la ndani na boksi la nje, si ndio? Watu wanadhani lile la nje linavuta hewa ya nje linaileta ndani. Hapana. Kati ya yale maboksi mawili kinachopita ni gesi kwenye mabomba ya shaba, basi. Hewa ya chumbani inavutwa juu ya boksi la ndani, inapita kwenye chujio, inapoozwa, inarudishwa chumbani kwenu. Ileile. Mliyoipumua asubuhi ndio mnayoipumua saa nane mchana, tofauti ni kwamba sasa ina baridi.

Nitoe mfano wa chumba nilichopima majuzi, ofisi siitaji. Chumba cha wahasibu, mita 7 kwa 5, kimo mita 2.8, ndani wamo watu 14, madirisha ya aluminiamu yamefungwa na mengine yameshazibwa na makabati ya mafaili. Nikaweka mita yangu juu ya kabati, mbali kidogo na pua za watu maana ukiiweka mbele ya mtu inapima pumzi yake. Kabla ya hapo nilikaa nayo nje getini ikasoma kama 420, hiyo ndio hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, iliyopo nje siku hizi, sehemu 420 katika milioni, sisi tunaandika ppm. Saa mbili na nusu asubuhi chumbani ilikuwa 480. Saa tatu na nusu, 2,000. Saa tano, 2,600. Mchana wakatoka kula mlango ukabaki wazi ikashuka, wakarudi, saa nane na nusu ilikuwa 2,700 na dada mmoja pale dirishani ameegemeza kichwa kwenye kiganja akaniambia "kaka mimi huu muda kila siku kichwa kinakuwa kizito, nilidhani ni wali wa mchana".

Sio wali dada. Au tuseme sio wali peke yake.

Hesabu yake haina uchawi. Mtu mzima aliyekaa anafanya kazi za mezani anatoa kama lita 18 za hewa ukaa kwa saa, watu 14 wanatoa lita 252. Chumba kile kina mita za ujazo 98. Kama kingekuwa kimefungwa kabisa kisingepitisha hata upepo wa chini ya mlango, kingepanda zaidi ya ppm 2,500 kila saa. Kilichowaokoa ni mlango unaofunguliwa kila mtu akitoka na mianya ya dirisha.

Sasa nieleweke vizuri hapa kwasababu kuna watu wanatishana mitandaoni. Hewa ukaa ya 2,700 haiui mtu. Sisi tunaipima kwasababu ni shahidi, inatuambia hewa ya humu ni kiasi gani imeshapita kwenye mapafu ya wenzako, na kila kingine kinachozalishwa humo ndani kimejikusanya vilevile, harufu ya rangi mpya, fomaldehaidi, ile gesi ya kuwasha macho inayotoka kwenye makabati ya MDF, mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, vumbi la wino wa mashine ya fotokopi, ile sprei ya maua mnayopuliza kufunika harufu (hiyo haisafishi chochote jamani, inaongeza kemikali juu ya kemikali), na kubwa zaidi vijidudu. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa. Mwenzako mmoja anakohoa hajajua anaumwa, mko 14 kwenye chumba kisichobadilisha hewa saa nane kwa siku, wiki kwa wiki, hiyo hatari inapungua sana kwa kubadilisha hewa, na AC ya ukutani haibadilishi.

Namba ya ppm 1,000 mnayoisikia ikitajwa kama mpaka wa hewa ukaa ndani ya nyumba ni ya zamani sana, mwanasayansi wa afya Max von Pettenkofer kule Munich, Ujerumani, aliipendekeza mwaka 1858, na bado inafanya kazi kwasababu inaendana na hesabu za leo. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021, kipindi cha korona, lilishauri lita 10 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo ya kawaida, na ukipiga hesabu ya mtu aliyekaa unapata ppm kama 500 juu ya ile ya nje, yani 900 na kitu. Kwahiyo mita ikisoma chini ya 1,000 najua mnabadilisha hewa vizuri, ikisoma 2,700 najua mnapumuliana.

Siku ileile niliwaomba wafungue madirisha mawili na mlango wa korido, na mwisho wa korido kuna dirisha la nako za zamani, vile vipande vya vioo vinavyolala na kusimama, bado lipo, nikawaambia nalo lifunguliwe. Dakika 25 mita ikashuka mpaka 880. Hatukununua kitu. Mimi hizi nako nazipenda sana na inaniuma zinavyong'olewa kila jengo likikarabatiwa, wazee waliojenga pwani hii walijua kusi inatokea wapi na kaskazi inatokea wapi, wakaacha matundu juu ya milango na matofali ya matundu karibu na dari ili hewa ya moto ipande itoke. Sisi tunaziba yote kwa jipsam na silikoni halafu tunanunua umeme.

Bosi akauliza swali la haki kabisa, "sasa nikifungua si napooza barabara nzima?" Kweli, ukiacha madirisha wazi kutwa AC ikiwaka unatupa umeme, na huo umeme nao unatoka sehemu, unazalishwa kwa kitu. Tulichokubaliana ni hiki: asubuhi kabla watu hawajaingia madirisha yote wazi nusu saa, chakula cha mchana wazi, na katikati dakika kumi kumi. Halafu wakafunga ekzosti feni ukutani, watu 14 mara lita 10 kwa sekunde ni kama mita za ujazo 500 kwa saa, ukienda dukani omba feni ya kiwango hicho, na uache tundu upande wa pili hewa iingilie maana feni ikitoa bila pa kuingiza ni kelele tu. AC ikatoka 16 ikawekwa 25, pangaboi likarudishwa. AC nyingi za kawaida ukiweka 16 hazipoozi haraka zaidi, zinakosa tu kupumzika.

Ila jambo lililonikaa moyoni pale sio chumba kile, ni nyuma ya jengo.

Umeme ulikatika saa tano na robo, jenereta ikawaka, iko nyuma chini ya madirisha ya stoo. Kwanza moshi ulikuwa unapanda unaingia stoo kwa kijana wa watu anayekaa humo, nikampima kwa kifaa kingine kinachosoma kaboni monoksaidi, hii ni tofauti na ile hewa ukaa, hii ni sumu hasa, haina harufu wala rangi na inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. WHO wanasema kwa wastani wa saa nane isizidi miligramu 10 kwa mita ya ujazo, ambayo ni kama ppm 9. Stoo ilikuwa 31. Tukamtoa palepale. Kwenye vioski na saluni zenye jenereta ndogo za petroli mlangoni hali huwa mbaya zaidi, hizo usiwashe ndani wala barazani kabisa, tafadhali.

Fundi wao akaja na suluhisho la haraka, tugeuze bomba la moshi liangalie ukutani upande wa pili. Nikachungulia juu ya ukuta. Upande wa pili kuna mama lishe na masufuria yake, na benchi lina wateja watano wanakula. Yani tungesafisha hewa ya ofisi kwa kumpulizia mama usoni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamuwajibisha mwajiri kwa afya ya watu walio kazini kwake, na wengi wakisikia hivyo wanaishia kwenye ukuta wa kiwanja chao. Hewa haijui mpaka wa kiwanja. Bomba likapandishwa juu ya paa, likachelewa siku tisa kwasababu ya bajeti, lakini likapandishwa.

Na gesi ya AC ni hivyohivyo. Fundi anakuja kufanya sevisi au kuhamisha AC, anafungua nati, shiiii, gesi yote inaondoka dakika mbili kila mtu anaangalia simu yake. Kilo moja ya R410A, aina mojawapo ya gesi za AC, ikiachiwa hewani inapasha dunia joto sawa na tani mbili za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. R22 iliyopo kwenye AC za zamani ni kama tani 1.8 na juu ya hapo inakula tabaka la ozoni. R32 ni chini, kama kilo 675, ila nayo haitakiwi kuachiwa. Fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi na mtungi wa kuihifadhia yupo mjini, anachukua hela zaidi kidogo, muulize kabla hajapanda ngazi.

Bosi wa pale ameniita tena mwezi ujao nirudie vipimo. Chumba cha wahasibu nitapima, stoo nitapima, na mita ya tatu nimeshamuomba mama lishe niiweke kwenye benchi lake siku nzima, amekubali ila amesema isikae karibu na jiko la mkaa. Yuko sahihi.